Maneno Mbele, Mdomo Nyuma

“Mbona maneno yanatangulia, halafu mdomo ndio unafuata?” mama aliuliza.

Mhariri wa video alikohoa kidogo. “Ni mtandao, mama.”

Haukuwa mtandao. Kwenye kona ya kioo cha kompyuta alijiona: shavu limeganda, jicho moja limefumba, jingine bado.

“Kaka, picha inakwama!” Dada yake, aliyeshika simu kando ya kitanda cha hospitali, alipaza sauti. “Fanya uwezalo, manesi wameshaleta machela!”

Mama alikuwa ametoa neno lake tangu jana. Utumbo ulikuwa umejisokota, na daktari alisema leo ndiyo leo, wakichelewa hakutakuwa na cha kushona. Lakini mama alikataa katakata kuingia chumba cha upasuaji mpaka amwone kifungua mimba wake, ambaye miaka yote hii aliambiwa yuko mbali. Simu ya sauti tu hakuitaka. “Sauti za wanangu zinafanana,” alisema. “Mimi nataka sura.” Na mama yule akikataa, amekataa.

“Nakata, napiga tena sasa hivi.”

“Usipotee tena, mwanangu.”

Akakata. Waliosema haraka haina baraka hawakuwahi kuwa na mama mlangoni pa upasuaji. Kishale kikaruka kila mahali isipokuwa palipotakiwa. Kompyuta yake ilikuwa na kadi mbili za michoro, za kuchora picha za kioo: ndogo, ya kubana umeme, na kubwa, iliyomlisha kwa video za harusi. Usiku mashine ilikuwa imejisasisha yenyewe, na kivinjari kikarudi kwenye ile ndogo, kama mvivu anayechagua jembe jepesi. Kazi ya leo, ya kuchora uso papo kwa papo, kadi ndogo haiiwezi, ng’o!

Mipangilio. Skrini. Michoro. Akakitafuta kivinjari kwenye orodha, akakipita, akarudi. Akachagua nguvu kubwa. Akakifunga, akakifungua upya. Feni zikaanza kuvuma mezani.

Aligeuza kichwa kushoto, taratibu, kisha kulia. Uso ukafuata bila kusita. Akavuta vizuri kola ya shati la bluu, lililompwaya mabegani, akapiga.

Mama alitokea, mdogo mno juu ya mto. Alimtazama. Akaendelea kumtazama, mpaka mhariri akahisi jasho likimtiririka hadi kidevuni. Hakuthubutu kupitisha mkono usoni alifute.

“Hujazeeka hata kidogo,” mama alisema.

Akakohoa. “Hewa ya huku, mama.”

“Hewa!” Mama alicheka, maumivu yakamkatiza. “Na mdogo wako? Tangu asubuhi nampigia, hapokei.”

“Yuko...” Akakohoa tena. “Yuko kazini. Ukizinduka utamkuta hapo kitandani.”

“Mwoga yule. Toka utotoni, jambo zito likimfika anajificha. Mwambie simlaumu, umenisikia? Mwambie nampenda na woga wake huohuo.”

Macho yalianza kumchoma mhariri. Usilie, alijiambia, ukilia tu umeharibu kila kitu.

“Nitamwambia, mama.”

Nyuma ya mama nesi alisukuma machela ikagonga kitanda. Sauti ya kiume ikauliza kama mgonjwa amekubali au vipi, maana wanasubiriwa.

“Mama, tafadhali,” mhariri alisema. “Umeniona. Sasa utaingia?”

“Naingia.”

Dada akashusha pumzi kwa kishindo, simu ikatikisika. Mama akaushika mkono wa binti yake, akaivuta simu mpaka uso wake ukajaa kioo chote.

“Naingia, kitinda mimba wangu,” alinong’ona. “Ila kwanza vua huo uso wa marehemu kaka yako, na wewe nikuone.”