Boksi la Spika

"Fundi, litoe hilo boksi la spika. Mwanangu keshazikwa, na hizo kelele zake nazo ziishe," mama alisema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

Fundi hakugusa bisibisi. Alichomoa plagi moja, akafungua nati mbili kwa vidole, na boksi likatoka kwenye buti la gari la marehemu.

"Kumbe rahisi hivyo?"

"Mwanao aliniagiza nilifunge hivyo, mama. Siku ya kliniki litoke haraka, kiti chako kipate nafasi."

Siku za kliniki mama alikuwa akikaa mbele, mkanda keshafunga, akimfokea mwanawe: "Wewe, unachelewa nini huko nyuma?"

Alisukuma magurudumu yake hadi kwenye buti.

"Lirudishe, fundi. Lakini polepole, nione."