Honi ya Mteremkoni

Tangu petroli ipande bei, Hemedi alikuwa akifika kilele cha mlima anazima pikipiki na kuiachia iteremke yenyewe hadi darajani. Bodaboda wote wa mji ule walifanya hivyo, ingawa ufunguo ukizimwa, honi nayo hailii.

"Piga honi, kaka, watu wamejaa," alisema abiria wake, mwanamke wa makamo.

"Watatupisha tu, dada."

Watu walijaa kweli. Nauli nazo zilikuwa zimepanda, na waliozoea kupakiwa sasa walitembea kwa miguu, wakipisha kwa kusikia mlio wa injini, bila kugeuka nyuma.

Kwenye kona, bibi mmoja aliyejitwika kapu alikuwa anavuka huku amewapa mgongo. Hemedi akapiga kelele, akakanyaga breki, lakini walikuwa wameshamfikia.

Alimjua kwa kanga kabla hajamgeuza.

"Mama! Si nilikwambia nitakufuata sokoni?"

"Nimeona usiunguze mafuta kwa ajili yangu," mama yake alisema, na macho yakamlegea.

Wakampakia katikati, abiria akamshikilia kwa nyuma. Hemedi akawasha pikipiki, akageuza kuupanda mlima kwenda hospitali, kidole kimekandamiza honi. Watu walikuwa wameshapisha wote, wamesimama kimya pembezoni mwa barabara, na bado hakuiachia.