Kikombe Ndani ya Tela

Kikombe kilimwagika kwa mara ya tatu.

Baltazar alishuka kwenye pikapu, akazunguka nyuma hadi kwenye tela, akakiinua. Kilikuwa kikombe cha bati, kimebonyea upande mmoja. Akakijaza tena maji kutoka kwenye dumu, akakisimamisha katikati ya viroba vya mchanga.

"Tena," alisema.

Fundi Muksini aliitazama barabara ya Katesh iliyonyooka mbele yao, kisha akamtazama mzee. "Mzee wangu, hata bibi harusi habebwi hivi."

"Tena, fundi."

Tela lilikuwa la kuazima, la mkulima mmoja wa ngano wa Basotu. Magurudumu yake yalikuwa na breki za umeme, lakini pikapu ya Baltazar haikuwa na kifaa cha kuziamuru. Asubuhi hiyo Muksini alimwekea vifaa viwili mezani, kila kimoja kidogo kama redio ya mkononi. Cha kwanza, alieleza, ukikanyaga breki kinabana magurudumu ya tela kwa nguvu ileile uliyokipangia, uwe umekanyaga kidogo au sana. Cha pili kinahisi jinsi gari linavyopunguza mwendo, nacho kinabana kwa kadiri hiyo.

Baltazar aliuliza swali moja tu. "Kipi hakishtui?"

Kikafungwa cha pili, chini ya usukani, kikiwa kimelala sawa kwa pimamaji. Muksini akaunganisha nyaya: betri, swichi ya pedali ya breki, plagi ya tela. Ikabaki kukipangia nguvu. Ukizidisha, magurudumu ya tela yanajifunga na kuburuzika. Ukipunguza mno, tela linaisukuma pikapu mgongoni.

Wakaondoka tena. Walipofika mwendo wa arobaini Baltazar alikanyaga breki. Maji yakamwagika. Muksini akapunguza namba ya nguvu kwenye kifaa, wakarudia. Mara ya tano kikombe kilitikisika, kikabaki na maji yake.

"Mke wangu hapendi breki za ghafla," Baltazar alisema, kama anayeomba radhi. "Miaka thelathini ni wimbo huohuo: Baltazar, unaendesha kama umebeba mawe."

Muksini alicheka. Alikuwa amehamia Katesh mwaka huo tu, kutoka Singida, na wateja wake wote walitaka breki za kusimamisha ng'ombe kumi. Huyu alitaka breki za kutomwaga maji.

"Unamdekeza mama."

"Nimechelewa kuanza."

"Mnaelekea wapi?"

"Endagikot, kwao. Nilimwahidi kumpeleka kila Krismasi, na kila Krismasi gari lilikuwa na ubovu wake. Mara ya mwisho alishafunga mizigo kabisa. Nikamwambia, Scolastica, subiri, mlima wa Dareda si wa mchezo, ngoja niende Babati nikanunue breki kwanza. Nikalala huko." Alikifuta kikombe kwa ncha ya shati, ingawa kilikuwa kikavu kwa nje. "Usiku mmoja tu."

"Ulivyorudi alinuna?"

"Hakusema neno."

Muksini akatikisa kichwa. Wake wa namna hiyo aliwajua. Mama yake mwenyewe aliwahi kununa Ramadhani nzima.

"Leo kaka zake wananisubiri tangu asubuhi," Baltazar aliendelea. "Sitaki waone nimemrusharusha njiani."

"Hutamrusha. Ila mzee, huu mchanga ni nusu tani tu. Breki ya tela inapangwa mzigo wenyewe ukiwa juu. Wako una uzito gani?"

"Tani moja na kidogo."

"Mashine ya kusaga?"

Baltazar aliutazama mlima Hanang. Wingu lilikuwa limekaa kileleni, jeupe, halisogei. "Uko nyumbani, kule Jorodom. Watu wa kuupakia wapo tayari."

"Basi twende, nimalizie kazi hukohuko. Na mama nimsalimie, nisije nikaambiwa fundi hana adabu."

Baltazar aliwasha gari.

Viroba wakaviacha karakana. Tela tupu liligongagonga nyuma yao hadi njia ilipoishia, kwenye uwanda wa tope lililokauka na kuota nyasi, pale maporomoko ya tope na mawe kutoka mlimani yalipopita Desemba iliyopita. Muksini alitafuta bati la nyumba kwa macho, hakuliona.

Wanaume wanne walikuwa wamesimamisha magogo matatu na kuning'iniza cheni bloku ya kunyanyulia mizigo. Katikati yao palikuwa na jiwe, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Walilivuta juu kidogo kidogo, wakasukuma tela chini yake, wakaanza kulishusha.

"Taratibu, Gidamis," Baltazar alimwambia aliyeshika cheni. "Taratibu."

Jiwe likakaa. Springi za tela zikalia, zikanyamaza. Wale wanaume wakavua kofia zao, na Muksini akadhani ni kwa ajili ya joto. Alichomeka plagi, akazungusha kitufe cha nguvu hadi namba sita, akajaribu breki mara mbili. Kisha akatazama huku na huku.

"Nimeshamaliza, mzee. Mama yuko wapi?"

Baltazar alitoa kitenge kwenye mfuko, kimekunjwa vizuri. Akakitandaza juu ya jiwe na kuchomeka pembe zake chini ya kamba walizolifungia, moja baada ya nyingine.

"Walichimba wiki mbili, hawakumpata," alisema. "Hili ndilo lililolala juu ya kitanda chetu. Kaka zake wameshachimba kaburi."

Muksini alivua kofia, akasogea ubavuni mwa tela.

"Shikamoo, mama."