Fulana Nyekundu Kutoka Magu

Walipofika Kisesa, Ngosha alikuwa anahema kwa kishindo mpaka kuku wa kando ya barabara wakakimbilia vibandani wakidhani mvua inakuja. Mbele yake alibaki mtu mmoja tu. Tangu waondoke Magu hakuwa amemwona uso. Alichokijua ni mgongo, fulana nyekundu iliyolowa jasho, na visigino vilivyozunguka kama vimelaaniwa.

Zawadi ya bingwa wa vijana katika mbio hizi ilikuwa baiskeli mpya ya Phoenix, fremu bado imevikwa makaratasi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mwanza yalijaa kila kitu isipokuwa hela za kukinunulia. Ngosha alichuuza maziwa mtaani Pasiansi, na baiskeli yake ilikatika fremu wiki tatu nyuma. Tangu hapo alitembea na madumu kichwani, maziwa yakiganda kabla hayajamfikia mteja. Hii aliyokuwa anaikanyaga aliiazima kwa jirani, na breki yake ilikuwa soli ya kandambili. Asiposhinda, kesho ni kichwa tena.

Asubuhi, pale Magu, alijipanga mstari wa mwisho kabisa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, uso umepakwa mafuta ya mgando hadi unang'aa.

"Dogo, leo unakaangwa?" mmoja alimtania.

Ngosha akacheka. Lile "dogo" lilimkaa vizuri kuliko lilivyostahili.

Msimamizi alikuwa Venant, mwalimu wa michezo aliyetoka chuoni juzi. Alikikagua cheti cha ubatizo alichokitoa Ngosha, halafu akamkagua mwenye cheti.

"Kumi na saba?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona paji lina mikunjo?"

"Shida, mzee."

"Na hiyo sauti?"

"Mafua."

Watu wakaangua kicheko, Venant naye akacheka, na namba kumi na tisa ikabandikwa mgongoni.

Sasa walikuwa wanapanda kuelekea Igoma, na magoti ya Ngosha yalilia kama lango la zizi. Fulana nyekundu haikugeuka hata mara moja. Kijana yule alikipanda kilima amesimama juu ya pedali, bega kushoto, bega kulia, kama anatwanga. Ngosha alimchukia kwa moyo wote, lakini haki ni haki. *Aliyemzaa huyu,* alijisemea, *hakupoteza muda wake.*

Kisha akayakumbuka madumu, akakanyaga.

Wakaingia Nyakato. Watu wanapiga madebe, watoto wamepanda juu ya kuta, wasichana wa kiwandani wametoka na vitambaa vyao vichwani. Mita mia mbili. Mia moja. Hapo kijana wa Magu akafanya kosa moja, kosa la umri wake: aliinua mkono kuwapungia wale wasichana.

Ngosha hakumpungia mtu. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa usukani, akapita ubavuni bila kutazama pembeni, akaukata utepe kwa upana wa tairi moja.

"Haya, haya!" Venant alikuwa amekwisha kukamata kipaza sauti. "Bingwa wetu ni namba kumi na tisa, mtoto wa Pasiansi! Na wa pili mlete hapa, mlete, apeane mkono na mwenzake!"

Phoenix ikakabidhiwa. Ngosha aliishika kwa mikono miwili, makaratasi yakilia chini ya vidole vyake. Alisikia harufu ya mpira mpya, akamwona kila mteja wake akipokea maziwa yasiyoganda mlangoni. Akavua kofia afute jasho.

Fulana nyekundu ikapenya katikati ya watu, kifua mbele, imekuja kumwona huyo dogo aliyeipokonya ushindi. Ikafika. Ikasimama ghafla. Ujabari wote ukamwishia kijana, macho yakashuka chini, na goti likapinda kidogo, mbele ya kipaza sauti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Ngosha akaitika, na kabla hajauma ulimi: "Na shule niliyokupeleka Magu umemwachia nani?"