Harufu ya Utambi

Askofu Lamberti alichovya kidole gumba kwenye kichupa cha fedha, akamchora Ludolfi msalaba wa mafuta kwenye paji la uso. Kaisari wa haki, kaka yake Ludolfi, alikuwa bado hai gerezani, na askofu huyuhuyu ndiye aliyempaka mafuta matakatifu miaka saba iliyopita.

Kanisa likarindima. "Aishi Kaisari! Aishi!"

Ludolfi hakuinuka. Alijigusa pajini, akanusa kidole.

"Baba Askofu," alinong'ona, "siku ya kaka yangu mafuta yalinukia mpaka mlangoni. Mbona haya yananuka utambi wa taa?"

Jasho lilimtiririka askofu mgongoni. Hatua tatu tu kutoka hapo walisimama askari wa Ludolfi, mikono kwenye panga. Neno moja tu, na kichwa chake kingekuwa sakafuni.

"Waambie basi, mwanangu," alijibu. "Geuka uwaambie watu wote hawa kwamba hujapakwa mafuta matakatifu."

Ludolfi akakifuta kidole haraka kwenye vazi lake. Juu ya madhabahu, taa isiyozimwa usiku wala mchana ilianza kusinzia kwa kukosa mafuta, na mmoja mmoja, waumini wa mbele wakaacha kushangilia, wakainua macho kuitazama.