Fomu ya Hamduni

Katika semina ya maadili ya utafiti, mwezeshaji aliwaambia watafiti wa uraibu kwamba siku hiyo hawangesoma vitabu. Alikuwa amewaletea mtu aliyewahi kutafitiwa. Mgeni alipoingia, Daktari Salvina, mmoja wa watafiti hao, aliinamisha uso. Mgeni alikuwa Hamduni, aliyekuwa akitumia unga wa heroini, na ambaye Salvina mwenyewe alimsainisha fomu ya utafiti miaka minne iliyopita.

"Nilikuwa na arosto, sijapata unga tangu jana yake," Hamduni alisimulia bila hasira. "Mwili wote unauma, natetemeka, kamasi zinatiririka. Siku ile mngeniletea karatasi ya kumuuza mama yangu, ningesaini. Nilitaka tu mniache niondoke."

Salvina aliikumbuka siku hiyo. Kalamu ilimponyoka Hamduni mara mbili, na Salvina, kwa haraka ya kutimiza idadi ya washiriki iliyotakiwa, akamshika mkono mpaka saini ikaisha. Utafiti ule ndio uliompandisha cheo.

Akasimama. "Kaka Hamduni, ni mimi niliyekushika mkono. Nisamehe. Ukitaka, taarifa zako zote nitazifuta."

"Nilikutambua tangu naingia, Daktari. Lakini hata sijui nilikubali nini. Nisomee kwanza."

Mwezeshaji akampa Salvina nakala ya fomu ile, aliyokuwa ameiandaa kwa semina. Salvina akavuta kiti karibu na Hamduni, akaanza kusoma polepole. Kwenye mstari wa tatu Hamduni akamzuia.

"Hapo panaposema naweza kukataa. Rudia."

Akarudia neno kwa neno, na Hamduni akafumba macho kusikiliza.