Msumari wa Bakora

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Juni, na manyunyu hayakukoma tangu alfajiri. Mzee Mwaipaja alilala chali, kiharusi kimemnyima mkono, mguu na ulimi, akimsikiliza muuguzi akimwelekeza mkewe.

“Mama Tusekile, nawa kwa sabuni kabla ya kuushika mpira huu wa kutolea mkojo. Na huu mfuko wa mkojo uning'inie chini ya kitanda siku zote. Ukiuinua, mkojo unarudi kibofuni na vijidudu vyake. Na ukirudi, kwa hali yake, hamalizi wiki.”

“Nimekuelewa, mwanangu. Hamalizi wiki.”

Muuguzi alipoondoka, mke aliufungua mfuko kutoka kitandani, akautundika kwenye msumari ukutani, juu ya kichwa cha mumewe. Kwa miaka thelathini bakora ilitundikwa kwenye msumari ule, na wote wawili walijua ilikuwa ikishushwa kwa ajili ya mgongo wa nani. Mzee alitazama mkojo ukirudi taratibu ndani ya mpira. Akaguna.

Akina mama wa jumuiya wakaingia kumwombea.

“Mbona umeuweka juu hivyo, dada?”

“Panya, mwenzangu. Huko chini wangeutafuna.”

“Mungu akuzidishie moyo. Wengine wangeshamkimbia.”

Mama Tusekile akapiga magoti, akaushika mkono wa mumewe uliokufa ganzi.

“Mbele za Mungu na mbele yenu naahidi: hataguswa na mikono mingine ila hii yangu, mpaka mwisho.”

“Amina!” wakaitikia, macho wameyafumba.

Mzee peke yake hakufumba. Ukutani, mfuko ulikuwa ukisinyaa.